Utando wa uji na joto la tokamaki

Jana alfajiri hapa nyumbani Tanga nilimtazama dada yangu akipoza uji wa mtoto. Uji ukiachwa utulie hufunga utando, ndani ukabaki wa moto muda mrefu. Ukikorogwa, wa chini hupanda juu na joto likaondoka. Katika kazi yangu ya tokamaki adui ni huo mkorogo.

Tokamaki ni chombo chenye umbo la tairi. Ndani yake haidrojeni hupashwa mpaka elektroni ziachane na viini vya atomi. Hiyo ndiyo plazima, na sumaku huizuia isiguse kuta. Ili viini viungane na kutoa nishati, joto lazima lipite nyuzi milioni 100, ilhali katikati ya Jua ni kama milioni 15. Pengo la joto kati ya kitovu na pembeni ndilo linalozaa mkorogo: mizunguko midogo midogo inayobeba joto kulipeleka nje. Kwa miaka mingi, kila nguvu ya kupasha ilipoongezwa mkorogo ulizidi, na joto likakaa ndani muda mfupi zaidi.

Mwaka 1982, Garching, Ujerumani, Fritz Wagner na wenzake walikuwa wakipasha plazima ya mtambo wa ASDEX. Nguvu ilipopita kiwango fulani, ghafla muda wa joto kukaa ndani ukawa kama maradufu. Hakuna aliyekuwa ametabiri. Kwangu mimi hakuna ugunduzi wa plazima unaoufikia huu.

Siri iko ukingoni, katika tabaka la sentimita chache tu. Hapo plazima hutiririka, na kila tabaka lina kasi yake. Nenda Pangani, mto unapomwagika baharini, utazame bonge la povu lililonasa kati ya maji ya kasi na maji ya polepole: halibaki duara, huvutwa likawa refu kama kamba, kisha likakatika. Mizunguko ya plazima nayo hukatwa hivyo kabla haijafikisha joto mbali. Ukingo unafunga utando.

Plazima ikiwa katika hali hiyo ya utando, mtambo wa JET, Uingereza, ulitoa nishati ya megajuli 69 mwaka 2023, kwa miligramu 0.2 tu za fueli.

Lakini utando ukikaza mno, shinikizo hujaa chini yake mpaka upasuke, na kila mpasuko huzimwagia kuta joto kali. Ndiyo maana mtambo wa ITER, unaojengwa Ufaransa, umewekewa katika usanifu wake koili 27 za ndani, yaani nyaya zilizoviringwa za kutengeneza sumaku, za kuutoboa utando kidogo kidogo kabla haujapasuka.