Kupima programu bila saa: dhana potofu na ukweli

Kuna tawi la sayansi ya kompyuta linaloitwa uchangamano fiche wa ukokotozi. Linauliza hivi: je, lugha ya programu inaweza kutungwa kiasi kwamba kila programu inayokubaliwa na kanuni zake haitakula muda wa kupindukia, bila yeyote kuhesabu hatua? Halizungumzwi sana, na likizungumzwa mara nyingi huelezwa ndivyo sivyo.

Dhana: Mwanahisabati Alan Turing alishafunga mjadala mwaka 1936.

Turing alithibitisha kuwa hakuna utaratibu mmoja unaoweza kupokea programu yoyote ile na kusema kama itasimama au la. Hilo linahusu lugha zinazoruhusu kila kitu. Lugha ikibanwa mapema, habari ni nyingine. Katika miaka ya 1960 Alan Cobham alionyesha kuwa fanksheni zote za muda wa kipolinomia (muda usiozidi urefu wa ingizo uliopandishwa kwa kipeo kisichobadilika) zinajengeka kwa kanuni chache tu.

Dhana: Lazima kikomo kiandikwe mahali.

Kwa Cobham ilikuwa hivyo: kila fanksheni inayojiita yenyewe ilidai kikomo cha ukubwa wa jibu lake. Mwaka 1992 Stephen Bellantoni na Stephen Cook walikiondoa. Waligawa maingizo ya kila fanksheni kwa nuktamkato: kushoto ya kawaida, kulia yaliyo salama. Kujiita kunaendeshwa na ingizo la kushoto tu, na jibu linalorudi kutoka kwenye kujiita huko linaruhusiwa kuingia kulia tu. Basi. Tazama inavyofanya kazi (tupu ni mfuatano usio na herufi; a·s ni herufi a ikifuatiwa na s, yaani zilizobaki):

rudufu(tupu) = tupu
rudufu(a·s) = a·a·rudufu(s)

pandisha(tupu) = a
pandisha(a·s) = rudufu(pandisha(s))

Rudufu peke yake haina madhara. Lakini mpe pandisha herufi 10, atakurudishia 1,024; mpe 30, ni zaidi ya bilioni moja. Ubaya uko kwenye mstari wa mwisho: jibu la pandisha, ambalo mahali pake ni kulia, linapelekwa kwa rudufu, ambayo inalitaka kushoto ili ilitafune herufi moja moja. Kanuni inaikataa programu kabla haijaendeshwa hata mara moja.

Dhana: Lugha ikiwa na fanksheni zote za kipolinomia, basi algoriti yoyote ya kipolinomia itaandikika humo.

Hapa hata wenye shahada huteleza. Fanksheni, yaani ingizo gani linatoa jibu gani, ni kitu kimoja; programu inayoikokotoa ni kingine. Kilichoahidiwa ni kwamba kila fanksheni ina angalau programu moja inayopita. Hakuna aliyeahidi kuwa ya kwako itapita.

Chukua upangaji wa kuchomeka: panga mkia wa orodha, kisha mchomeke wa kwanza mahali pake. Kila mwanafunzi anaujua, na hatua zake hazizidi mraba wa urefu wa orodha. Ila jibu la panga linaingia ndani ya chomeka, na chomeka nayo inalipitia kipande kwa kipande. Umbo ni lile lile la pandisha, kwa hiyo nayo inakataliwa. Kwa maoni yangu hii ndiyo aibu iliyolisogeza mbele tawi zima.

Mwaka 1999 Martin Hofmann alitoa jibu zuri: chomeka haizidishi kitu, inarudisha vile vile ilivyopewa. Akaweka aina maalumu ya tokeni. Bila tokeni huwezi kuunda kipande kipya cha orodha, na tokeni hainakiliwi. Ni kama soda ya chupa dukani: huna chupa tupu, huondoki na soda. Chomeka inapita, rudufu inakwama.

Usitegemee lugha itakayokubali zote zilizo njema, lakini. Kuamua kama programu ni ya kipolinomia nako hakuna utaratibu, hivyo mkaguzi asiyepitisha mbaya hata moja lazima akatae baadhi ya nzuri.

Dhana: Programu iliyokubaliwa na kanuni ni nyepesi kuendesha.

Hapana. Urefu wa ingizo uliopandishwa kwa kipeo cha 50 nao ni polinomia.

Dhana: Njia hii itatatua swali la P na NP (je, kila tatizo ambalo jibu lake hukaguliwa kwa muda wa kipolinomia, yaani NP, hutatulika pia kwa muda huo, yaani P?).

Mwaka 1974 Ronald Fagin aliieleza NP yote kwa sehemu ya mantiki ya daraja la pili (ile inayozungumzia hata seti na mahusiano, si vitu kimoja kimoja tu), bila kutaja mashine wala saa. Swali halikutatuka, lilihamia kwenye mantiki likiwa na ugumu wake wote.

Dhana: Ni nadharia tupu.

Mwaka 2003 Hofmann na Steffen Jost waligeuza wazo la tokeni kuwa uchambuzi unaosoma msimbo na kukadiria wenyewe kumbukumbu itakayohitajika, kwa kutatua masharti ya hisabati ya mstari. Vikomo vyake navyo vilikuwa vya mstari tu (vinavyokua kwa uwiano ule ule na ingizo), hadi mwaka 2010 Jan Hoffmann na Martin Hofmann walipovifikisha kwenye polinomia.