Hapana, sina PDF ya maswali na majibu

Wiki hii nimeombwa PDF mara kumi na moja, nimehesabu. Mkeka wa usaili, yaani orodha ya walioitwa, ukitoka tu, mtu hata kituo chake cha mtihani hajakiangalia, simu yangu inaanza: "Mwalimu habari, samahani kwa usumbufu, naomba pastpepa za aptitudi na majibu yake." Aptitudi ni ule mtihani wa usaili wa kupima unavyofikiri, na mimi ndo naufundisha. Nikimuuliza anataka kuzifanyia nini ananijibu "nizipitie." Kuzipitia, kama anapitia nguo za mnadani. Wa kumi na moja ni kijana niliyemfundisha mwenyewe mwaka jana, miezi miwili mizima, ndo nikaona basi, leo naandika.

Imani yenyewe iko hivi: maswali ya logiki yana stoo yake mahali, waliopita wameyapata, ukikremu mia tano utakutana nayo ukumbini. Inakotoka naijua. Chuo wengi tumevuka kwa madesa, yaani maswali na majibu ya waliotutangulia, na desa lilikuwa linalipa kweli maana mwalimu alikuwa yuleyule na swali lilelile. Halafu ushindani wenyewe unatisha, TRA, mamlaka ya mapato, walitangaza nafasi 1,596 mwaka 2025 na waombaji wakapita 130,000, sasa kwa namba hizo nani atalala? Mfa maji hukamata maji.

Ila swali la logiki ukibadilisha kaneno kamoja jibu linageuka na sura inabaki ileile. Kwa hiyo aliyekariri ndo anaanguka wa kwanza, kwa sababu anaona sura anayoijua, anatabasamu, anatiki, anaenda swali linalofuata na furaha yake.

Jumanne niliandika ubaoni: Madereva wote wa kampuni wana leseni daraja C. Musa ana leseni daraja C. Je, Musa ni dereva wa kampuni? Ndiyo, Hapana, Haijulikani. Darasani walikuwa kumi na nne, tisa wakasema Ndiyo. Na kuna binti mmoja mstari wa mbele alikuwa ameshaandika Haijulikani kwa penseli, akachungulia kwa jirani, akafuta, akaandika Ndiyo. Nilikuwa nimesimama palepale, makombo ya raba bado yako juu ya karatasi. Yaani jibu alikuwa nalo! Nilipomuuliza kwa nini amefuta akasema, "Nimeona Haijulikani ni kama nimeshindwa, mwalimu."

Hapo ndo penyewe, na ndo maana nikisikia mtu anaomba PDF napata hasira, kwa sababu ugonjwa huu PDF haiutibu, inauongeza. Miaka yote shuleni tumefundishwa kwamba kutojua ni aibu, andika chochote mwalimu atakuonea huruma. Kwenye mtihani huu Haijulikani haina maana kwamba wewe hujui. Inamaanisha wewe umejua, kwa uhakika kabisa, kwamba ulichopewa hakitoshi kuamua. Ni jibu kamili lenye maksi zake, na watunzi wanalipenda kweli kwa sababu wanajua tunaliogopa.

Dada wa ugonjwa huu ni kuchanganya unachojua mtaani na kilichoandikwa kwenye kifungu. Kifungu kinasema korosho zinalimwa Mtwara na Lindi na zinauzwa kwa mnada. Sentensi ya kupima: Mtwara inazalisha korosho nyingi kuliko Lindi. Kijana mmoja akaandika Kweli, nikamkata, akaniwakia: "Mwalimu mimi kwetu Newala, unataka kuniambia nini kuhusu korosho?" Ni kweli kaka, Mtwara inaongoza, sibishani na wewe. Ila kifungu hakijasema. Ukiingia kwenye kile kifungu acha viatu vyako mlangoni, humo ndani ukiambiwa samaki wote wanaruka, wanaruka mpaka mtihani uishe.

Na lugha nayo inatuponza, hili vitabu havisemi kwa sababu havijaandikwa kwa ajili yetu. Mtihani unakuja kwa Kiingereza, kichwani unautafsiri kwa Kiswahili, na Kiswahili chetu cha kila siku kina mitego yake. Chukua "wanafunzi wote hawakufaulu." Mmoja anaelewa hakuna hata mmoja aliyefaulu, mwingine anaelewa wapo waliofaulu ila si wote. Wote wawili wana haki yao, mtaani tunaelewana kwa sauti na macho. Karatasi haina macho. Au "baadhi": nikikwambia baadhi ya wageni wamefika, unajua kuna ambao bado. Kwenye logiki baadhi ni angalau mmoja, basi, na inawezekana kabisa wamefika wote. Watu wanagoma hapa, wananiambia mwalimu hiyo siyo maana yake. Siyo maana yake, nakubali, ila ndo inayosahihishwa.

Neno "tu" ndo baba lao. Wenye tiketi tu ndio watakaopanda boti. Nani amehakikishiwa kupanda? Hakuna! Muulize aliyefika bandarini amechelewa dakika kumi, tiketi anayo mkononi na boti anaiona kwa mbali inaelekea Unguja. Sentensi imewazuia wasio na tiketi, wenye tiketi haijawaahidi chochote. Hili nalifundisha kila kundi, na kila kundi nusu yao wiki inayofuata wanalikosea tena, tena kwa kujiamini.

Kuna zoezi maarufu la Peter Wason, Mwingereza, la mwaka 1966. Kadi nne mezani: A, K, 4, 7. Kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Kanuni: kadi yenye irabu upande mmoja ina namba shufwa upande wa pili. Ugeuze zipi kuhakikisha kanuni haijavunjwa? Wengi wanageuza A na 4. Sahihi ni A na 7, maana 4 ikiwa na konsonanti nyuma haijavunja kitu, ila 7 ikiwa na irabu tumemkamata. Wanaopata ni wachache sana, hawafiki hata mmoja kwa kumi, na waliojaribiwa wamesoma.

Sasa hamishia baa. Kanuni: anayekunywa bia awe ametimiza miaka 18. Mmoja ana bia, mmoja ana soda, mmoja ana miaka 25, mmoja ana 16. Unamkagua nani? Hata mhudumu aliyeanza kazi jana hakosei: mwenye bia, na wa miaka 16. Ni swali lilelile, mifupa ileile. Griggs na Cox walilifanya kwa mtindo huo Florida mwaka 1982, karibu robo tatu wakapata.

Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilifurahi, nikaanza kuwaambia wanafunzi peleka kila swali baa. Siku hizi sina furaha ileile. Kama mtu yuleyule anapata kwenye bia na anakosa kwenye irabu, basi ninachofundisha ni nini hasa? Nilidhani nafundisha kanuni ambayo ukiishika unatembea nayo popote, kumbe pengine watu wanashika hadithi tu. Na wanaofaulu baada ya kupita kwangu, sijui ni logiki imeingia au wamezoea saa na wameacha kutetemeka. Kusema kweli siwezi kutenganisha.

Mazoezi ninayoyaamini ni ya kuchosha: maswali kumi kwa siku, siyo mia, na kwa kila swali andika kwa nini majibu mengine si sahihi. Ukishindwa kuliua jibu la uongo kwa sentensi moja, hujalielewa swali hata kama umepata. Maswali ya nani amekaa pembeni ya nani, chora, usijifanye una kichwa kikubwa. Ya undugu pia chora, halafu sahau ukoo wako, maana vile vitabu vya Kihindi vinavyouzwa vikisema "uncle" hawajali kama ni mjomba au baba mdogo, na mtoto wa baba mdogo ambaye kwenu ni kaka yako kabisa, humo anahesabiwa binamu. Nimeona mtu anakosa kwa heshima tu.

Mfululizo wa namba nitasema haraka kwa sababu haunipendezi. 1, 2, 4, 8, 16, inayofuata? Darasa zima: 32! Nikawachorea duara, nikaweka nukta kwenye ukingo wake na kuziunga zote kwa mistari, tukahesabu vipande: nukta moja kipande kimoja, mbili viwili, tatu vinne, nne vinane, tano kumi na sita. Nukta sita wakahesabu wenyewe, wakarudia mara tatu, vipande 31. Kimya. Kihesabu namba yoyote inaweza kufuata, unachopimwa pale ni kubahatisha mtunzi alikuwa anawaza nini.

Yule binti wa raba akanyoosha mkono. "Sasa mwalimu, ukumbini nijaze ngapi?"

Jaza 32, mama.