Aliigiza, jamani, aliigiza

Kila ninapowaonyesha wanafunzi wangu wa uigizaji filamu ya Ladybird Ladybird, lazima mmoja anyooshe mkono: "Mwalimu, huyu mama mbona haigizi? Si mchekeshaji tu wa klabu, wamemwambia awe vile alivyo?" Juzi kalisema mtu mzima mwenye filamu zake. Nikaona sasa basi.

Ya msingi nayapitia haraka. Huyo mama ni Crissy Rock, mtu wa Liverpool, alikuwa akichekesha kwenye vilabu. Mwongozaji wa Kiingereza Ken Loach akamchukua aigize Maggie, mama wa watoto wanne, kila mmoja na baba yake, ambao ustawi wa jamii wanamnyang'anya. Ilikuwa filamu yake ya kwanza. Mwaka 1994 Tamasha la Filamu la Berlin likampa Dubu wa Fedha, mwigizaji bora wa kike. Kisa chenyewe kilitokana na maisha ya mwanamke mwingine kabisa, kwa hiyo ubishi ungeishia hapa. Hauishi, kwa sababu Rock naye amesimulia hadharani kwamba ndoa yake ya kwanza ilikuwa ya vipigo. Basi watu hurukia hapo: kumbe! Kumbe nini? Waliopigwa ni wengi mno. Wangapi kati yao wanaweza kusimama mbele ya kamera, mtu wa sauti kaning'iniza maiki juu ya kichwa, wakaitoa hasira ileile kila tukio linaporudiwa kupigwa na kila mara ikawa mpya?

Halafu kuna hii dharau kwa klabu. Vilabu vya wafanyakazi vya kaskazini mwa Uingereza havina watu waliokuja kukusikiliza. Wamekuja kunywa bia na kucheza bingo. Wewe ni wa kujaza muda. Usipowashika mapema wanarudi kwenye mazungumzo yao, na kamati inaweza kukupa chako baada ya awamu ya kwanza ikakuaga. Anayepona pale amejifunza kusikia chumba kinavyopumua huku mdomo wake unaendelea. Kusikiliza huku unasema: ndiyo kazi ninayohangaika kuwafundisha watu darasani.

Lakini wanaomsifu nao wananiudhi, wanaposema alihamishia klabu kwenye filamu. Thubutu! Mchekeshaji ana tabia mbaya mbele ya kamera: akimaliza sentensi anaacha upenyo, anasubiri kicheko. Wengi wanaohamia tamthilia unauona upenyo ule ukiwa mtupu, kama pengo la jino. Kwa Rock haupo. Maggie anadakia maneno ya wenzake, anameza mwisho wa sentensi, anatukana kabla hajamaliza kufikiri. Mtazame akiwa na Vladimir Vega, anayeigiza Jorge, mkimbizi kutoka Paraguay: utani unamtoka, wala hageuki kuangalia kama umefika. Na huyu ni mtu aliyekuwa akilipwa ili utani ufike! Kuliacha hilo ni kugumu kuliko kulia, ila kulia ndiko kunakopigiwa makofi.

Sasa shaka yangu. Loach hupiga picha kwa mfuatano wa hadithi, na waigizaji wake hawapewi skripti nzima. Mengine yanawakuta palepale yanapomkuta mhusika. Katika mshtuko wa namna hiyo, kipi ni cha Rock na kipi ni cha mwongozaji? Sina jibu safi. Siku nyingine naona mtego wa Loach tu. Siku nyingine naona mtego huohuo ungemkausha mwigizaji mwenye diploma tatu.

Na Loach alishazoea kuchota vilabuni. Kwenye filamu yake ya Kes ya 1969, mama ni Lynne Perrie, muuza maziwa ni mdogo wake Duggie Brown, muuza chipsi ni Bill Dean. Wote watu wa jukwaa la klabu. Dean akaja kuwa baba anayemkandamiza binti yake kwenye Family Life ya 1971, hachekeshi hata chembe. Mwaka 2016, filamu yake I, Daniel Blake ilichukua Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes, huku Dave Johns, mchekeshaji, ndiye Daniel. Hao wote walikuwa "vile walivyo"?

Rock mwenyewe, Waingereza wengi wanamjua zaidi kwa Janey, meneja wa hoteli kwenye Benidorm, vichekesho vya televisheni ya ITV vilivyoanza 2007. Wanaosema pale amerudi kwao kwenye uchekeshaji wamtazame Janey wakati wengine wanaongea.