Squealer hakutegemea ujinga wa wanyama

Wengi waliosoma Shamba la Wanyama, hadithi ya George Orwell ya mwaka 1945, husema wanyama, waliokuwa wamemfukuza Jones mwenye shamba, walidanganywa na Squealer, msemaji wa nguruwe waliotawala, kwa sababu hawakujua kusoma. Si kweli. Mbuzi Muriel alisoma, na punda Benjamin alisoma sawa na nguruwe yeyote (akanyamaza, jambo linaloniudhi mpaka leo).

Silaha ya Squealer ilikuwa kuchezea maneno na hofu. Chakula kikipunguzwa, yeye anaita "marekebisho". Nguruwe wakijitwalia maziwa na tufaha, eti wanajilazimisha kwa faida ya wote. Mnyama akisita, anaulizwa: mnataka Jones arudi?

Amri ya wanyama ya kutolala kitandani, iliyoandikwa ukutani, haikufutwa. Iliongezewa maneno mawili: "chenye shuka". Muriel akaisoma kwa sauti, farasi Clover akadhani ni yeye aliyesahau.