Mvuvi Anasoma, Ndiyo Maana Analitupa Jarida Lako

Wiki hii nimeambiwa tena. Mwandishi wa jarida letu la uvuvi aliniletea makala ya dagaa, nikamrudishia ikiwa imejaa maswali pembeni, akanipigia simu: "Dada, hayo yote ya nini? Mvuvi hasomi." Nimeyasikia maneno hayo kwa waandishi, kwa maofisa, kwa watu wa miradi, hata kwa anayetuchapia. Nimechoka kuyajibu kwa mdomo. Nayajibu hapa, na atakayerudia nitamtumia kiungo cha ukurasa huu.

Mvuvi anasoma. Nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, mchana, wakati wachuuzi wanasubiri mzigo, uone nakala moja ya jarida inavyopita mikononi. Kambini, kwenye visiwa vya Ukerewe au Kome, mmoja anasoma kwa sauti na wenzake wanambishia, kisha anasoma tena ile sentensi waliyoibishia. Hawabishani juu ya ufasaha. Wanabishana juu ya ukweli wa kazi yao. Wakikuta umeandika kwamba wavuvi walikuwa "wakikokota makila", hawamalizi aya, maana makila ni nyavu za kutega, na kinachokokotwa ni kokoro. Jarida linafungwa, linaenda kuwashia jiko, na mwandishi akilikuta jikoni anahitimisha kwamba mvuvi hasomi.

Kabla sijawa mhariri nilisomea uvuvi Nyegezi na nikapima samaki mialoni, kule wanakoshushwa. Ninachodai kwenye kurasa zangu ni kile kile ambacho ningedai kwenye fomu ya takwimu: samaki gani, wapi, lini, kwa zana gani. Wengi wanadhani uandishi mbaya ni tahajia mbovu na sentensi ndefu. Hizo nazirekebisha kabla chai haijapoa. Uandishi mbaya kwenye majarida ya uvuvi ni kuandika bila kuuliza lile swali ambalo msomaji wako angeliuliza la kwanza.

Nianze na mepesi. Acheni kufungua makala kwa kusema Ziwa Victoria ni la pili kwa ukubwa duniani miongoni mwa maziwa ya maji baridi na lina kilomita za mraba 68,800. Msomaji anaishi juu yake. Acheni pia kumpa ofisa aya sita na mvuvi sentensi moja ya "tunaiomba serikali itusaidie". Mvuvi akipewa nafasi anaeleza mambo ambayo ofisa hayajui: upepo ulivyobadilika, bei ya mafuta ilivyomlazimisha ategee karibu, tajiri anavyokata deni. Na yale masimulizi ya mtu na fimbo yake ya kuvulia akipambana na "jitu la ziwani" saa nzima, yaache kwa watalii wanaovua sangara kwa burudani Rubondo. Huko yana mahali pake. Huku, mtu aliyevua sangara mkubwa anataka kujua kiwanda kitampokea kwa bei gani na mabondo yake, vile vifuko vya hewa vya tumboni, yatauzwa wapi.

Vipimo. Jicho la wavu hupimwa likiwa limevutwa, kutoka fundo hadi fundo la mkabala. Ukiweka rula kwenye upande mmoja wa jicho unapata nusu. Nimewahi kuona katika jarida moja, si letu, picha ya wavu wa sangara wenye rula juu yake na maelezo kwamba ni wavu haramu wa inchi 3. Rula ililala kwenye upande mmoja. Ule ulikuwa wavu wa inchi 6. Mwenye nao alikuwa anaonekana uso, na mwaloni kwake watu waliiona picha ile. Hapo ubora wa uandishi si suala la urembo tena. Mtu ametangazwa kuwa mhalifu kwa sababu mwandishi hakumuuliza mtu yeyote jinsi jicho linavyopimwa.

Ndivyo ilivyo kwa urefu na uzito pia. Samaki akirefuka mara mbili, uzito hupanda karibu mara nane, kwa sababu ananenepa na kupanuka pia. Ukiniandikia sangara wa mita moja mwenye kilo tatu, nitajua hukumwona, na mama anayeuza samaki Kirumba atajua kabla yangu.

Sasa nifike kwenye sentensi inayonikosesha usingizi: "Samaki wamepungua." Sijapata kupokea makala juu ya ziwa hili isiyokuwa nayo kwa namna fulani, na mara nyingi haina maana yoyote. Wamepungua samaki gani? Sangara, sato, dagaa, furu, ningu, kamongo? Hawa hawapandi na kushuka pamoja. Furu walipoporomoka miaka ya 1980, sangara ndiye aliyekuwa anafurika, na viwanda vya minofu vikajengwa kwa ajili yake. Leo, kwa uzito unaoshushwa mialoni, dagaa wamemzidi sangara. Na furu, waliotangaziwa kifo, wamerudi kwa kiasi sehemu kadhaa za ziwa, ingawa aina nyingi za awali hazijaonekana tena. Mwandishi anayeandika "samaki" tu amefuta historia hiyo yote kwa neno moja.

Halafu, wamepungua kwa kipimo kipi? Kuna wingi wa samaki walio majini. Kuna mavuno, yaani jumla ya kilo zinazoshushwa. Na kuna pato la mtumbwi mmoja kwa usiku mmoja. Haya ni mambo matatu, na yanaweza kwenda njia tatu tofauti. Tuseme mwalo una mitumbwi 40, kila mmoja unarudi na kilo 30. Jumla ni kilo 1,200. Tuseme baadaye mitumbwi imefika 80, kila mmoja unarudi na kilo 20. Jumla ni kilo 1,600. Ofisa atasema mavuno yamepanda, na takwimu zake ni sahihi. Mvuvi atasema samaki wamepungua, na hasemi uongo. Mwandishi wa hovyo atawaweka hao wawili kwenye aya moja kana kwamba mmoja wao anadanganya, na mara nyingi anayeachwa aonekane mwongo ni mvuvi. Kazi yako ilikuwa kuuliza idadi ya mitumbwi. Swali moja tu!

Uliza na saa alizokaa majini, na urefu wa nyavu. Mvuvi aliyekuwa anatega karibu na Nyegezi na sasa anaenda mpaka nyuma ya Ukara kuleta kilo zile zile, hajapungukiwa kilo. Amepungukiwa mafuta, usingizi na usalama. Mwingine anaunganisha makila mawili au matatu kwenda chini ili wavu ufike kina ambacho zamani haukufika. Ukiandika kilo zake bila kuandika kwamba ameunganisha, umeandika nusu ya habari, na ile nusu iliyobaki ndiyo inayoeleza ziwa linaelekea wapi.

Dagaa wana balaa lao, nalo ndilo lililotuletea ugomvi wiki hii. Dagaa huvuliwa kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za betri na sola. Kwa hiyo kazi hufanyika kwenye giza. Mbalamwezi ikitawala, taa haivuti kitu, watu wanapumzika, wanashona nyavu, wanaenda nyumbani. Mwandishi wangu alifika mwaloni wakati wa mbalamwezi, akakuta vyombo vimepandishwa mchangani, chanja tupu na vijana wamelala, akaandika kwamba dagaa wametoweka na wavuvi wamekata tamaa. Alikuwa na picha nzuri sana ya kuthibitisha. Kila anayesoma ile makala pwani nzima ya ziwa angetazama tarehe, angekumbuka mwezi ulikuwaje, na angejua kwamba aliyeandika hajui anachoandika. Nilimwuliza: ulikuwa usiku wa ngapi wa mwezi? Ndipo aliponiambia mvuvi hasomi.

Msinielewe vibaya, sisemi kwamba majibu yapo mezani na uvivu ndio unaotuzuia. Wataalamu hupima wingi wa samaki kwa chombo kinachotuma sauti majini na kusikiliza mwangwi wake. Ni kazi kubwa na naiheshimu. Lakini meli ya utafiti haiingii kwenye kina kifupi ambako sato na sangara wadogo wamejaa, na samaki aliyelala karibu kabisa na sakafu ya ziwa haonekani vizuri kwenye mwangwi. Dagaa na furu waliochanganyika ni taabu kuwatenganisha. Kwa upande wa mavuno, samaki wanaouzwa majini kwa boti za wakusanyaji hawapiti mbele ya karani wa mwaloni. Kwa hiyo hata makala iliyouliza maswali yote itabeba takwimu zenye ukungu. Vitabu vya mafunzo huziweka takwimu hizo kwenye jedwali zikiwa zimenyooka. Mimi nataka mwandishi aseme zimepatikanaje, ili msomaji aliyekuwa majini usiku ule azipime mwenyewe.

Hata kanuni ya sangara wa sentimita 50, ambayo makala zetu huirudia bila kuigusa, inastahili aya yenye shaka. Nchi tatu za ziwa zilikubaliana kwamba viwanda vipokee sangara wa sentimita 50 hadi 85 tu, wazo likiwa kuwaacha wadogo wakue na wakubwa wazae. Lakini jike hukomaa akiwa mkubwa kuliko dume, na majike mengi yenye sentimita 50 hayajazaa hata mara moja. Mvuvi anayepasua samaki kila siku anaijua hali hiyo kwa kuangalia mayai. Juu yake, mabondo makubwa hutoka kwa samaki wakubwa, na soko la China linayalipia vizuri kuliko minofu. Je, kipimo chenyewe kinalinda tunachodhani kinalinda? Nina wasiwasi nacho, na sioni kwa nini wasiwasi huo usiandikwe. Mwandishi anayerudia "sentimita 50" kama kiitikio anamwachia mvuvi mwenye swali la haki aonekane mbishi.

Kuna na vifo vya samaki. Sangara wakielea, kichwa cha habari huwa tayari: sumu. Sumu ipo, sikatai. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hili kwa sababu ya uvuvi wa viuatilifu, na watu wa viwandani hapa Mwanza wanajua walivyoumia. Lakini ziwa lenyewe nalo huua. Upepo ukiligeuza, maji ya chini yaliyokosa oksijeni hupanda juu, sangara na sato wa kwenye vizimba hukosa hewa na kufa kwa wingi, huku kamongo, anayepumua hewa, akiendelea na maisha yake. Kwa hiyo uliza: wamekufa aina gani, upepo wa siku mbili zilizopita ulitoka wapi, maji yalikuwa na rangi gani na harufu gani, wamekufa mwalo mmoja au ghuba nzima? Ukiandika sumu bila kuuliza hayo, mama mwenye dagaa safi waliovuliwa upande mwingine kabisa hatauza kesho. Nimewaona wakianua mzigo ambao hakuna aliyetaka kuunusa.

Yote haya yanaandikika kwa Kiswahili cha kawaida, kwa kurasa mbili. Mimi hufuta vivumishi ili vipimo vipate nafasi. Makala nzuri kuliko zote nilizopokea iliandikwa na kijana anayeshona nyavu Igombe. Haikuwa na aya hata moja ya kupamba, ilieleza kwa nini wavuvi wa mwalo wake walikuwa wanaacha wavu mmoja na kwenda kwa mwingine, gharama kwa gharama, na kwenye kambi iliyoisoma walibishana naye wiki nzima. Walibishana kwa sababu walikuwa wameelewa.

Liko jambo moja ambalo bado sijalipatia msimamo. Mwandishi akifanya kazi yake sawasawa, atajua mahali. Atajua mwamba fulani au mdomo wa ghuba fulani ambako sangara wadogo wamejaa, au ambako sato wanataga. Nikichapa jina, ndani ya giza moja timba, zile nyavu haramu, zitakuwa pale, na BMU, kikundi cha wavuvi kinacholinda rasilimali za mwalo huo, haina boti ya kuzifukuza. Nikilifuta, nimemficha ofisa ambaye angepaswa kupalinda, na nimeandika tena "sehemu fulani ya ziwa", sentensi ile ile ninayowakatalia wengine. Kwa sasa nafuta jina la mazalia na kuacha jina la mwalo, na namwomba mwandishi awapelekee wazee wa mwalo ule nakala kabla haijachapwa. Baadhi yao wameniambia nichape tu, watu wajue. Wengine wamenikatalia kabisa. Kwenye toleo lijalo nina makala mbili za namna hiyo mezani, na majibu ya mialo yao hayafanani.