Asumini haichumwi ikiwa imechanua

Wengi wetu hapa Lamu, wageni wakitarajiwa usiku, huchuma asumini asubuhi kwa sababu ndipo maua yamefunguka na kupendeza. Hilo ni kosa, na linasikitisha, maana ua unalolikuta limefunguka alfajiri limeshamwaga harufu yake usiku kucha. Unalotia kwenye sinia ni mabaki.

Asumini ni ua la usiku. Harufu yake haikai ndani ya petali ikisubiri kunuswa. Hutengenezwa ua linapofunguka, kuanzia magharibi na kuendelea. Tena, tumba, yaani ua ambalo halijafunguka, likiwa limekwisha kukomaa huendelea na kazi hiyo hata baada ya kuchumwa. Kwa hiyo chuma alasiri, matumba yaliyojaa na kuwa meupe pepepe. Yenye ukijani yaache, hayatachanua. Yatandaze kwenye ungo au kitambaa chenye unyevu kidogo, usiyafungie kwenye mfuko wa plastiki yakavunda. Baada ya isha, chai ya tangawizi ikimiminwa na mahamri yakiwa ya moto, yatakuwa yanafunguka mbele ya wageni. Vikuba, vile vishada vya maua na majani ya kunukia wanavyovaa wanawake, navyo ni vivyo hivyo.

Wachina wa Fuzhou hutegemea jambo hilihili kutengeneza chai ya asumini: matumba ya alasiri huchanganywa na majani makavu ya chai usiku, majani yakafyonza harufu, kisha maua huondolewa. Chai bora hurudiwa hivyo mara kadhaa, kila mara kwa maua mapya.