Simu ina 4G, laini ina 4G: mbona ukipigiwa ramani inaganda?

Mtu wa boda anapeleka chakula Kilimani. Amefuata ramani vizuri tangu Yaya, na sasa anatafuta lango la jengo. Mteja anampigia kumuuliza amefika wapi. Anapokea, na papo hapo ramani inaganda. Akikata, intaneti inachukua muda kurudi, na tayari amepita kona. Kazi yangu ni mitandao ya simu, na hakuna lalamiko ninaloletewa mara nyingi hapa Nairobi kama hili. Wengi wanaonijia wameshaambiwa kwamba simu yao ni mbovu. Mara nyingi simu haina kosa lolote.

4G iliundwa kubeba data peke yake. Mitandao ya 2G na 3G ilikuwa na njia ya sauti na njia ya data; kwenye 4G ile njia ya zamani ya sauti haipo. Kwa hiyo simu iliyo kwenye 4G ikipigiwa, mtandao huiamuru iteremke hadi 3G au 2G, ipokee huko, kisha ipande tena mazungumzo yakiisha. Ikiangukia 3G, intaneti itaendelea kwa kuchechemea. Ikiangukia 2G, kwa simu nyingi intaneti husimama kabisa mpaka ukate. Kile kimya cha sekunde kadhaa baada ya kubonyeza namba, kabla hujasikia upande wa pili ukiita, nacho mara nyingi hutokana na safari hiyo ya kuteremka.

Dawa yake inaitwa VoLTE. Sauti hugeuzwa kuwa data na kupitishwa juu ya 4G yenyewe, kwenye njia iliyopewa kipaumbele ili jirani anayepakua filamu asikukatize. Ramani inaendelea, na sauti inakuja safi zaidi: simu ya kawaida hubeba sauti za kati ya hezi 300 na 3,400, ilhali VoLTE hufika hadi 7,000, na ndiyo maana mtu husikika kama amekaa karibu nawe. Si teknolojia ya jana. Korea Kusini na Marekani zilianza kuitumia mwaka 2012. Hapa kwetu, Faiba ilipozindua 4G yake Desemba 2017, haikuwa na 2G wala 3G ya kukimbilia, kwa hiyo sauti ilibidi ipite kwenye 4G. Waliotaka kuhamia huko waligundua haraka kwamba si kila simu ya 4G ingefaa: ilibidi ishike masafa ya megahezi 700, na VoLTE yake ikubaliane na mtandao huo.

Sasa lile swali ambalo watu huuliza kwa hasira, na wana haki ya kuuliza: maelezo ya simu yanasema ina VoLTE, kampuni ya laini inasema ina VoLTE, mbona mimi sina?

Kwa sababu kuna milango miwili, na yote lazima ifunguliwe. Wa kwanza uko ndani ya simu. Kila simu hubeba faili za mipangilio ya kampuni mbalimbali za mitandao. Faili hizo huielekeza: ukiona laini ya kampuni hii, jisajili kwenye mfumo wake wa sauti hivi, na simu za dharura zipeleke huku. Kama kampuni yako haimo, au imo lakini sehemu ya VoLTE imezimwa, simu haitajaribu hata kubisha hodi. Kwenye iPhone, faili hiyo hutoka kwa Apple baada ya kukubaliana na kampuni ya mtandao. Kwenye Android kila mtengenezaji ana utaratibu wake, na Samsung huangalia pia simu ilitengenezewa soko gani. Mlango wa pili uko kwenye mtandao wenyewe. Kampuni inaweza kuweka orodha ya modeli inazozikubali, na ambayo haimo hukataliwa hata ikibisha.

Hapa ndipo Nairobi inapoumia. Simu nyingi tunazonunua Luthuli, Moi Avenue na kwenye maduka ya mtandaoni ni ex-UK, yaani zilizokwisha kutumika Uingereza, au zimetoka Marekani na Dubai. Weka mezani Samsung mbili za jina moja, rangi moja, zote zikiwa na laini ya kampuni moja. Ile iliyotengenezewa soko la Kenya inaweza kupiga kwa VoLTE, na ile ya ex-UK ikateremka hadi 3G kila unapopigiwa. Wenye Pixel wanalijua hili kuliko wote, kwa kuwa Google haijaileta simu hiyo rasmi Kenya, na imefungua huduma kama VoLTE na 5G kwa kufuata nchi na kampuni ilizokubaliana nazo. Muuzaji aliyekwambia simu ni safi hakukudanganya. Kioo ni safi, betri ni safi, kamera ni safi. Lakini hakuna aliyeiandaa kwa laini yako, na hilo halionekani ukiikagua dukani. Kuna vijana wanaoweza kuilazimisha VoLTE iwake. Mimi huwakataza watu kwenye simu wanayoitegemea, kwa sababu mipangilio ya kulazimisha inaweza kuharibu simu za dharura bila wewe kujua hadi siku ya dharura.

Kuchelewa kwa kampuni kuidhinisha modeli nakuheshimu. Kupima modeli moja ni kazi kubwa. Unatoka Kiserian kuelekea Magadi ukiwa katikati ya mazungumzo, 4G inakwisha njiani, na simu inatakiwa iteremke hadi 3G au 2G bila kukatika. Unapima kama muda unakatwa kwenye dakika za mteja, si kwenye bando lake la data. Unapima 999 na 112. Unapima simu ya pili ikiingia wakati mtu anaongea. Halafu mtengenezaji anatoa sasisho kubwa la programu, na sehemu ya kazi hiyo inaanza upya. Kampuni ikisema haijamaliza kupima, ninaielewa, na ningependa isifungue kabla haijamaliza.

Nisichoweza kukivumilia ni ukimya. Laini yangu mwenyewe ilikaa muda mrefu bila VoLTE kwenye modeli ambayo kampuni hiyo hiyo ilikuwa ikiiuza madukani kwake. Niliandika, nikaambiwa nizime simu niwashe. Nikaandika tena, nikaambiwa nibadilishe kadi ya laini. Hakuna aliyeniambia kwamba modeli hiyo ilikuwa bado haijaidhinishwa, jambo ambalo mtu fulani ndani ya kampuni alilijua fika. Baadaye ikawaka yenyewe na sasisho la programu, bila hata ujumbe mfupi. Mimi nilijua pa kuangalia. Mama mboga anayeambiwa azime simu awashe ataona kosa ni lake, na pengine atauza simu nzima kwa hasara.

Linganisha na kisa cha Marekani mwaka 2009. Juni 17, Apple ilitoa programu mpya ya iPhone, toleo la 3.0, iliyoiwezesha kutuma picha kwa MMS. Kampuni za nchi nyingi zilikuwa tayari. AT&T, iliyokuwa peke yake ikiuza iPhone huko, haikuwa tayari, na ilifungua huduma hiyo Septemba 25. Wateja walikasirika hadi wengine wakaenda mahakamani. Lakini angalau walikuwa na tarehe ya kukasirikia: kampuni ilitangaza siku kabla haijafika, na ikaeleza kwamba ilikuwa ikiuandaa mtandao kwa mzigo wa picha. Kampuni hiyo hiyo ilipozima 3G yake Februari 2022, ilitoa orodha ya simu ambazo zingeendelea kufanya kazi. Orodha hiyo iliwaudhi wengi ambao simu zao hazikuwemo, ila waliweza kujipanga.

Hicho ndicho ninachokidai kwa kampuni zetu: ukurasa mmoja, modeli na toleo la programu upande mmoja, VoLTE ipo au haipo upande wa pili, pamoja na simu za ex-UK. Taarifa hizo wanazo tayari, maana bila hizo wasingeweza kuuendesha mtandao wenyewe. Na si hisani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mlaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma. VoLTE ya laini ninayoilipia ni huduma.

Kabla hujanunua simu ya mtumba, weka laini yako dukani, hakikisha imeshika 4G, kisha piga namba yoyote na utazame alama ya mtandao juu ya kioo. Ikibaki 4G wakati unaongea, VoLTE ipo. Ikigeuka kuwa 3G, H au E, haipo. Tafuta swichi ya VoLTE kwenye mipangilio ya laini, iwashe, ujaribu tena. Kwa iPhone, fungua sehemu ya maelezo ya simu ukiwa na intaneti na usubiri kidogo, kwani sasisho la mipangilio ya mtandao hujitokeza hapo kama lipo.

Na ukiwaandikia huduma kwa wateja, usiseme tu kwamba intaneti inakatika ukipigiwa. Taja modeli kamili, toleo la programu na nchi simu ilikotoka, kisha uliza: je, modeli hii imeidhinishwa kwa VoLTE kwenye mtandao wenu, ndiyo au hapana? Wakikujibu uzime simu uwashe, rudisha swali lilivyo na uombe namba ya lalamiko. Usipojibiwa, lalamiko hilo pamoja na namba yake lipeleke kwa Mamlaka ya Mawasiliano.